Maji Chini ya Msingi

Kengele ya shule ya Nakilonji haikuwa kengele. Ilikuwa kipande cha reli kilichookotwa wakati njia ya garimoshi ya kwenda Nachingwea ilipokuwa ikitandikwa, kikaning'inizwa kwa waya kwenye mkwaju. Asubuhi mwanafunzi alikigonga kwa nondo, na mlio wake ulifika hadi mashamba ya ufuta ng'ambo ya korongo. Ukiusikia huku bado unanawa uso, ulijua umechelewa. Shule nyingi siku hizi zina kengele nzuri zaidi, lakini waulize waliosoma Nakilonji miaka ile ya karanga, watakuapia kwamba hakuna iliyolia vizuri kama ile.

Miaka ya karanga ndivyo watu wa Nachingwea na Ruangwa walivyoiita ile miaka ambayo matrekta yaliingia kung'oa misitu ili ilimwe karanga. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na malori, na kulikuwa na vumbi jekundu lililokaa kwenye nyusi za watu kama poda. Wakati huo Mwamina Ausi alikuwa darasa la nne, msichana mwembamba, mwenye miguu mirefu na akili isiyotulia. Kila asubuhi alifagia uwanja, akamsaidia mama yake, Bi Fatu, kuloweka udongo wa kufinyangia vyungu, akala muhogo uliobaki jana, kisha akajitwika debe la maji na kushika njia ya shule. Baba yake, Ausi, alikuwa kibarua wa reli Nachingwea, akirudi nyumbani mwisho wa juma kwa miguu, au kwa lori akibahatika. Hakujua kusoma. Alikuwa na tabia ya kumpa Mwamina maandishi yoyote amsomee, hata yaliyo kwenye gunia la chumvi, na akishasomewa hutikisa kichwa taratibu kana kwamba amepokea habari njema kutoka mbali.

Shule yenyewe ilikuwa fahari ya kijiji. Zamani watoto walisomea ndani ya banda la nyasi, na mvua ikinyesha walisoma wakiwa wamesimama. Basi wazazi wakaamua kujenga shule ya matofali ya kuchoma na bati. Wanaume walichagua mahali kwenye mbuga, ule uwanda wa udongo mweusi ulio karibu na barabara ya Ruangwa, kwa kuwa palikuwa tambarare, hapana kisiki, na hapakuwa shamba la mtu. Ilikuwa Septemba, jua limekausha kila kitu. Fundi Ignasi, mwashi aliyejifunza kazi misheni, alipopiga sururu kuchimba msingi, sururu ilidunda ikamtikisa mikono hadi mabegani. Wazee walicheka kwa furaha.

"Usijichoshe, fundi," walimwambia. "Ardhi hii yenyewe ni mwamba. Chimba kidogo, panga mawe, jenga."

Ignasi alisita. Alitazama mbingu, akatazama watu waliokwisha kupanga matofali tayari, akachimba msingi wa kufika magotini. Kwa kweli, nani angedhani kwamba udongo mgumu namna ile ungeweza kuwa na hila?

Mwalimu Eustakio, aliyekuwa mkuu wa shule na mwalimu wake pekee, alipenda maua kuliko kitu chochote isipokuwa hesabu. Aligawa ukuta wa shule kwa madarasa, kila darasa likapata sehemu ya kupanda bustani. Darasa lenye bustani bora lilipewa heshima ya kupiga kengele muhula mzima, na kiranja wa bustani ndiye aliyeshika nondo. Darasa la nne lilipata kona ya mashariki. Kiranja wao alikuwa Mwamina, akisaidiwa na rafiki yake Dionisia, mtoto wa katekista, msichana mcheshi ambaye hangeweza kumaliza sentensi bila kucheka.

Kiangazi cha pili tangu shule ijengwe kilikuwa kikali. Mwalimu alitoa amri kwamba kila mche upewe kata moja ya maji asubuhi, basi. Mwamina aliitii amri hiyo kwa siku chache, akaona maua yake yananyauka sawasawa na ya darasa la tatu. Hilo lilimuuma. Ndipo akili yake isiyotulia ilipopata kazi. Nyuma ya shule palikuwa na jiwe ambapo wanafunzi wote waliosha miguu, vibao vya kuandikia na mikono kabla ya kula, na maji yale machafu yalitiririka ovyo hadi porini. Siku moja alasiri, wenzao wamekwenda kuokota kuni, Mwamina alichukua kipande cha jembe akachimba mfereji mwembamba kutoka kwenye lile jiwe hadi kwenye tuta lao lililo ubavuni mwa ukuta. Kisha akaufunika kwa vijiti na nyasi ili darasa la tatu wasiige.

"Mwalimu alisema kata moja," Dionisia alimkumbusha huku akicheka.

"Kwani mimi nimemwagia kata ngapi? Maji yanakwenda yenyewe," Mwamina alijibu.

Na kweli yalikwenda. Wakati vijiji vyote vimegeuka rangi ya majivu, kona ya mashariki ilijaa maua mekundu na ya njano, na vipepeo wakaja kutoka kusikojulikana. Wasafiri wa barabarani walisimamisha baiskeli watazame. Mwalimu Eustakio alimsifu Mwamina mbele ya shule nzima, akamkabidhi nondo. Asubuhi ile ya kwanza aliipiga ile reli kwa nguvu hadi mwalimu akamwomba awahurumie wagonjwa wa kijijini.

Mwezi wa Oktoba ulipokuwa ukielekea mwisho, mlango wa darasa ulianza kugoma. Kwanza ulisugua sakafu kidogo, kisha ikabidi wavulana wawili wausukume kwa bega. Halafu ukaonekana ufa. Ulianzia juu ya dirisha la mashariki, ukashuka kwa kupinda ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, ukafika chini. Mwanzoni ungeingiza ukucha, baada ya siku kadhaa kidole kizima kiliingia. Watoto wadogo walichungulia kupitia humo na kuitana.

Watu wazima hawakuona cha kuchezea. Maneno yakaanza kisimani na kwenye vijiwe vya kahawa. Wengine walisema Fundi Ignasi alibania simenti, wengine wakatia chumvi wakasema simenti ya shule ndiyo iliyojenga jiko la nyumbani kwake. Bwana mmoja wa kukagua majengo alikuja kutoka Nachingwea, akazunguka jengo akiwa ameweka mikono mgongoni, akampa Mwalimu Eustakio uamuzi palepale: ukuta utengenezwe kabla ya mvua, la sivyo shule ifungwe, maana mvua ikiukuta hivyo unaweza kuwaangukia watoto. Shule ikifungwa, wanafunzi watatafutiwa nafasi Nachingwea.

Ausi alipopata habari hizo mwisho wa juma, aliisogeza kando sahani ya ugali kabla hajaigusa.

"Nachingwea mimi nalala kambini, watu kumi chumba kimoja," alisema hatimaye. "Huko sina ndugu wa kumpokea msichana. Shule ikifungwa, Mwamina, utakaa na mama yako ufinyange. Siyo kwamba napenda, mwanangu. Sina njia."

Mwamina aliinama, machozi yakamdondokea kwenye mapaja. Hakuna kitu duniani alichokipenda kama kusoma, na muhula mmoja tu ulikuwa umebaki afanye mtihani wa darasa la nne.

Fundi Ignasi aliitwa kutoka Ruponda alikokuwa na kazi. Alikuja na timazi yake, ile kamba yenye risasi nzito mwishoni inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, na pima maji ya kuangalia usawa. Hakujibu maneno ya watu. Aligonga msingi kwa nyundo, ukalia vizuri, simenti ilikuwa nzima. Akapima tena na tena, uso wake ukazidi kukunjamana.

"Sielewi," alimwambia Mwalimu Eustakio, na wanafunzi waliokuwa karibu walimsikia. "Jengo likiwa na msingi dhaifu, kona hushuka. Hii haikushuka. Imepanda. Kona ya mashariki iko juu kuliko ile ya magharibi, kama mtu ameingia chini akaibeba mgongoni."

Alikoroga chokaa kidogo, akabandika madoa madogo kukatisha ufa, chini, katikati na juu. Aliwaeleza watoto kwamba chokaa ikikauka haivutiki, kwa hiyo doa likikatika ni dalili kwamba ukuta bado unatembea. Kesho yake madoa yote yalikuwa mazima. Kabla juma halijaisha yote yalikuwa yamekatika. Ignasi akasema hana la kufanya ila kubomoa kona ile na kuijenga upya Jumatatu, juu ya msingi uleule, akiongeza simenti. Aliyasema hayo bila furaha, kama mtu anayekunywa dawa asiyoiamini.

Jumamosi ile Mwamina alikuwa nyumbani akimsaidia mama yake. Bi Fatu alikuwa amefinyanga chungu kikubwa cha kuhifadhia maji, cha kupeleka harusini, akamwachia Mwamina akianike kivulini huku yeye akienda kuchota maji. Mawazo ya Mwamina hayakuwepo. Alikianika mlangoni, nusu ndani ya kivuli, nusu juani, akafunika upande mmoja kwa kitambaa kibichi, wa pili akausahau. Mama yake aliporudi, chungu kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, umepindapinda.

"Jua limekipasua," Mwamina alisema kwa hofu.

Bi Fatu hakumgombeza. Alikigeuza chungu, akaupapasa ufa kwa kidole gumba. "Jua halina kosa, mwanangu. Chungu kizima kikikaa juani kitasinyaa chote. Kizima kikikaa na ubichi kitabaki kimevimba chote. Hiki umekifanya upande mmoja umevimba na mwingine umesinyaa, kila upande unavuta kwake. Udongo wa mbuga ndivyo ulivyo, ukinywa maji unanenepa, ukikauka unakonda. Ndiyo maana nauchanganya na vigae vilivyosagwa, upunguze ukaidi."

"Udongo wa mbuga," Mwamina alirudia. "Huu unautoa wapi, mama?"

"Si palepale nyuma ya shule yenu. Tangu bibi yako."

Mwamina alisimama huku mikono yake ikiwa imejaa tope. Aliiona kona ya mashariki, aliuona mfereji wake chini ya nyasi, maji ya wanafunzi wote yakiteremka kila siku kimyakimya kwenda chini ya ukuta. Aliiona na kona ya magharibi, ambako ardhi ilikuwa imekauka na kupasuka nyufa pana hata vifaranga vya mwalimu vilitumbukia. Upande mmoja umenenepa, wa pili umekonda, na shule katikati inavutwa.

Alimkimbilia Dionisia, akamweleza yote. Kwa mara ya kwanza Dionisia alimaliza sentensi nzima bila kucheka.

"Usiseme," alisema. "Watakupokonya nondo, na watu watasema Mwamina ndiye aliyebomoa shule. Tuufukie mfereji kesho wakiwa kanisani. Nani atajua?"

Shauri hilo lilikuwa tamu, tusidanganyane. Mwamina alilichukua akalala nalo, likamnyima usingizi. Angefukia mfereji, maua yangekauka, angesingizia jua. Lakini Fundi Ignasi angebomoa kona na kuijenga juu ya udongo uleule, mvua ingekuja ikafanya yaleyale, na shule ingefungwa wakati kila mtu akiendelea kumwita fundi mwizi. Kukapambazuka Jumapili, hofu haijamtoka hata kidogo, lakini mfereji hakuufukia.

Jumatatu asubuhi hakugonga reli. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya mashariki, ambako Fundi Ignasi alikuwa ameshika nyundo na patasi, Mwalimu Eustakio pembeni yake, na wazazi kadhaa waliokuja kusaidia wakiwa wamesimama na majembe yao. Mwamina alisalimia kila mmoja kwa heshima, akapiga magoti akafukua nyasi. Mfereji ukaonekana, umejaa tope jeusi linalong'aa.

"Shikamoo tena, mwalimu," alisema, kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa na hakujua aanzie wapi. "Mimi ndiye niliyechimba. Maji ya kuoshea miguu yote yamekuwa yakija hapa tangu Agosti. Ulisema kata moja, mimi sikutii. Nafikiri udongo umevimba upande huu, ndio uliobeba kona. Fundi hakubania simenti."

Mwanamume mmoja alianza kufoka kwamba watoto wa siku hizi wanaharibu mali ya watu, lakini Ignasi aliinua kiganja kumtuliza. Aliweka nyundo chini, akachukua sururu, akachimba ubavuni mwa ukuta. Sururu ilizama kama inaingia kwenye ugali. Alichimba hadi shimo lilipomfika kiunoni, akatoa donge, akalifinya, likateleza kati ya vidole. Kisha akaenda kona ya magharibi. Huko sururu ilidunda kama siku ile ya kwanza.

Fundi alirudi akaketi juu ya tofali, akajifuta jasho. Alimtazama Mwamina, kisha akawatazama wazazi.

"Mtoto amesema la kwake, na mimi niseme langu," alianza. "Misheni tulifundishwa kuiogopa mbuga. Mwalimu wetu wa uashi alisema chimba mpaka umalize udongo mweusi, ukute changarawe, hapo ndipo uweke msingi. Nililijua hilo. Nilikuja hapa Septemba, nikakuta ardhi ngumu, nikaona watu wana haraka, nikanyamaza. Hata bila mfereji huu, mvua za mwaka wa tatu au wa nne zingetufikisha hapahapa."

Mwalimu Eustakio alikohoa. "Na mimi niliyaona maua yamestawi wakati hakuna tone la mvua. Sikuuliza maji yametoka wapi, maana nilikuwa nasifiwa na wapita njia." Alimgeukia Mwamina, sauti yake ikawa kali kidogo. "Lakini amri ni amri. Nondo utamkabidhi kiranja wa darasa la tatu leo hii."

Mwamina aliitikia kwa kichwa. Iliuma, lakini pumzi yake ilikuwa imerudi.

Kuanzia siku hiyo Nakilonji haikulala kivivu. Mvua ilikuwa inakaribia, na kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa Mbekenyera, yakatawanyika. Ignasi aliegemeza magogo imara kwenye ukuta ili usimwangukie mtu. Halafu wakaanza kuchimba chini ya msingi, lakini siyo wote kwa mara moja. Walichimba kipande kifupi kama urefu wa meza, wakaacha kipande, wakachimba kingine.

"Mbona tunaruka, fundi?" Mwamina aliuliza, akiwa amejitwika karai la udongo. "Si tungemaliza upesi tukichimba mfululizo?"

"Wewe ukiwa umesimama, nikuondolee miguu yote miwili, itakuwaje?"

"Nitaanguka."

"Na ukuta vivyo hivyo. Tunaubadilishia mguu mmoja mmoja."

Walipofika kina cha kifua cha mtu mzima, udongo mweusi uliisha, wakakuta changarawe ya rangi ya kutu, ngumu na kavu. Watu walishangilia kana kwamba wamefukua dhahabu. Hapo ndipo walipomimina zege na kupanga mawe, wakapanda nayo hadi kuupokea msingi wa zamani, wakashindilia vizuri. Kipande kikikauka, waliingia kwenye kile walichokiruka. Wanawake walibeba changarawe kutoka korongoni, wakiimba kwa Kimwera nyimbo za kuwatania wanaume waliochagua mahali pa kujenga bila kuwauliza watu wanaochimba udongo huo kila siku. Wanaume walijifanya hawasikii. Bi Fatu ndiye aliyeanzisha wimbo, na Mwamina aliona aibu na furaha kwa pamoja.

Kona zote zilipokwisha kupata miguu mipya, kazi ya maji ilianza. Ignasi alisema udongo wa mbuga chini ya sakafu bado upo, hautahamishwa, ila unaweza kuishi nao ukiuweka katika hali moja, usilewe maji leo na kufa kiu kesho. Wakazungushia jengo lote ukanda mpana wa changarawe iliyoshindiliwa na kupakwa simenti, umeinama kwa nje ili maji yasikae ukutani. Wakapigilia mifereji ya bati chini ya paa, ikaingia kwenye mapipa matupu ambayo Ausi na wenzake waliyapata Nachingwea na kuyaviringisha hadi kituo cha malori. Bustani zote zilihamishwa, zikapandwa mbali, kando ya barabara. Hata mche wa mwarobaini ulioanza kukua karibu na ukuta uling'olewa, kwa kuwa mti mkubwa hufyonza maji ya ardhini upande wake na kuifanya mbuga isinyae.

Ilibaki kuchimba mtaro wa kupeleka maji ya jiwe la kuoshea miguu mbali kabisa na jengo. Fundi Ignasi aliwatazama wanafunzi wote, akampa jembe Mwamina.

"Wewe una jicho la kujua maji yanataka kwenda wapi," alisema. "Lionyeshe sasa."

Mwamina aliuchimba mtaro ule kwa mteremko mzuri, akimimina kata za maji kujaribu, akisahihisha palipotuama. Mara hii hakuufunika kwa nyasi. Darasa la tatu walikuja kutazama na kumsaidia, na Dionisia, akiwa amerudiwa na kicheko chake, alibeba mawe ya kuzibia kingo.

Ufa wenyewe uliachwa mpaka mwisho kabisa. Watu walitaka kuuziba mapema, maana ulikuwa unawakera macho, lakini Ignasi alikataa. Alisema kuziba ufa wa ukuta unaotembea ni kupoteza chokaa. Alisubiri hadi madoa mapya aliyobandika yakakaa bila kukatika, ndipo akaujaza kwa chokaa na mchanga, akasawazisha kwa mwiko. Kilibaki kimstari tu kilichofifia. Bwana wa majengo alirudi, akakagua ukanda wa simenti na mtaro, akapima mlango. Alisema shule iendelee kwa sasa, lakini mvua kubwa ya kwanza ndiyo itakayotoa hukumu.

Mvua hiyo ilikuja Desemba, siku ya shule, saa za hesabu. Waliokuwepo hawajaisahau. Kwanza kulikuwa na harufu ile ya ardhi iliyokaa na kiu muda mrefu, kisha bati likapigwa kwa kishindo hata mwalimu akaacha kufundisha, maana hakuna aliyemsikia. Watoto wote waligeuza shingo kuelekea kona ya mashariki. Nje, maji yalimwagika kutoka kwenye mifereji ya bati yakajaza mapipa, yakafurika, yakashuka juu ya ukanda wa simenti na kukimbilia mtaroni. Mbuga ikageuka ziwa jeusi huko mbali. Ukuta haukusema kitu.

Fundi Ignasi alikuwa amefika asubuhi kwa sababu wasiwasi wa mvua ulikuwa umemnyima usingizi. Alisimama kwenye kona akiwa ameweka kiganja ukutani kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani. Mvua ilipopungua, Mwalimu Eustakio alimwomba azungumze na wanafunzi.

"Mimi si msemaji," Ignasi alisema. "Nitawaambia tu nilichokiona kazini. Ardhi haina ubaya. Kila ardhi ina tabia yake, na anayetaka kujenga lazima aijue tabia hiyo, aiulize wakati wa jua na wakati wa mvua, achimbe hata kama watu wanamharakisha. Hilo ni la kwangu, nimejifunza kwa aibu. La pili ni la Mwamina. Nimebomoa majengo mengi katika maisha yangu, na mengi kati ya hayo yangepona kama mtu mmoja aliyejua alichokifanya angesema mapema. Alinyamaza kwa kuogopa bakora, au kwa kulinda sifa. Huyu aliogopa vilevile, lakini alisema. Angenyamaza, mimi ningejenga upya juu ya tope, na leo mngekuwa majumbani mwenu. Mkikosea, watoto wangu, semeni wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha."

Dionisia alimfinya Mwamina mkono chini ya dawati.

Wakati huo mlango ulisukumwa. Alikuwa Ausi, amelowa chapachapa, viatu ameshika mkononi, matope yamemfika mapajani. Alikuwa ameona mawingu yanajikusanya asubuhi akiwa kazini, akaomba ruhusa, akadandia lori na kumalizia njia kwa miguu. Alisimama kizingitini, akawaamkia mwalimu na fundi. Kisha akautazama mlango alioushika, akaurudisha taratibu kwa kidole kimoja hadi ukafunga, akaufungua tena kwa kidole kilekile. Alitazama ukuta kuanzia chini hadi juu. Mwamina alikuwa ameinuka kwa heshima, akimngoja aseme neno.

"Kaa, mwanangu," Ausi alisema. "Usome."